Sahani za Siku Moja na Vyombo vya Kwetu

Katika mambo yaliyoingia majumbani mwetu pole pole mpaka yakawa kama ada, mojawapo ni hili la kuwalisha wageni kwa sahani, vikombe na vijiko ambavyo hutumika mara moja kisha vikatupwa. Harusi ikifanywa, maulidi yakisomwa, hitima ikikusanya watu, au futari ikiandaliwa msikitini, jambo linaloulizwa baada ya mchele na nyama ni: "Je, sahani zimekwisha nunuliwa?" Wala mtu haulizi zimetengenezwa wapi, na nani amezitengeneza, kwa kitu gani, na zitakwenda wapi watu wakisha kunawa mikono.

Maswali hayo manne ndiyo tunayotaka kuyatazama leo pamoja na wasomaji wetu. Hatuandiki haya kwa kuwalaumu akina mama, ambao mzigo wa karamu zote umewakalia mabegani. Twaandika ili baba na mama wakae na vijana wao wayasome pamoja. Kwani vijana ndio wanaotumwa dukani kununua sahani, na ndio hao hao wanaofagia uwanja siku ya pili yake.

HESABU YA KARAMU MOJA

Tuchukue karamu ya watu 300, nayo si kubwa kwa desturi zetu. Kila mgeni akipewa sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja, vimekuwa vitu 900. Kazi ya vitu hivyo haizidi nusu saa. Baada ya hapo hukusanywa nyuma ya nyumba vikachomwa moto, na moshi wake mweusi ukawaingia vifuani wazee na watoto. Au hutupwa mtaroni, na mvua za masika zikija mtaro ukaziba, maji yakaingia nyumbani kwa jirani, yule yule jirani aliyealikwa akala akashukuru. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuondosha njiani kitu chenye kuudhi ni tawi katika matawi ya imani. Basi itakuwaje hali ya mwenye kukiweka?

Tunaikusudia khasa nyumba ya msiba. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa limewafika jambo la kuwashughulisha. Leo aghlabu tumeligeuza jambo hilo. Mfiwa ndiye anayepika, na mfiwa ndiye anayenunua sahani. Na ikiwa marehemu ameacha watoto wadogo, mali ile ni mali ya mayatima, na Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 10, ameonya onyo zito juu ya wenye kuila kwa dhulma. Mtu aweza kusema: sahani ni kitu gani? Lakini fedha ya kitu kitakachotupwa jioni, ikitolewa katika fungu la yatima, haiwi ndogo mbele ya Mola wake.

ZILITOKA WAPI?

Ni haki kueleza kwamba vyombo hivi havikuzuliwa kwa ajili ya ufahari. Vilitokana na khofu ya maradhi. Marekani, mwanzoni mwa karne ya ishirini, ilikuwa desturi katika skuli na magari moshi kuweka kikombe kimoja cha bati penye maji, na kila apitaye akanywea hicho hicho. Mwaka 1907 mtu mmoja wa Boston, Lawrence Luellen, akabuni kikombe cha karatasi cha kunywea mara moja. Mwaka 1908 mwalimu Alvin Davison akaandika habari za vijidudu vya maradhi alivyovikuta katika vikombe vya skuli. Na mwaka 1909 jimbo la Kansas likapiga marufuku kikombe cha shirika. Mafua makali ya mwaka 1918 yalipoua watu wengi, vikombe vya karatasi vikaenea zaidi.

Kwa hivyo asili yake ni usafi, na usafi ni jambo la dini yetu. Mtume (S.A.W.) amekataza kupumulia ndani ya chombo, amekataza kunywa kwa kuweka mdomo kwenye mdomo wa kiriba, na ameamrisha vyombo vifunikwe usiku. Mambo hayo yalifundishwa karne nyingi kabla ya watu kuviona vijidudu kwa darubini. Basi mwenye kutumia kikombe cha kutupa kwa kuwa kuna maradhi mtaani, au kwa kuwa maji safi hayapatikani, huyo ana udhuru, wala hatumlaumu. Tunayesema naye ni yule mwenye maji, mwenye vyombo kabatini, na mwenye vijana wanane wenye nguvu, kisha akanunua vya kutupa kwa sababu tu kila mtu ananunua.

MIZANI YA SHARIA

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, ametuhalalishia kula na kunywa, kisha akatukataza kupita kiasi. Na katika Sura ya Bani Israil, aya ya 26 na ya 27, amewaita wafujaji kuwa ni ndugu wa mashetani. Wafujaji si wenye kutumia mali nyingi tu. Ni wenye kuitumia pasipo mahali pake, hata ikiwa ni kidogo.

Katika vyombo, sharia imetukataza kulia na kunywea vya dhahabu na fedha, kama ilivyopokewa kwa Hudhaifa katika Bukhari na Muslim. Sasa madukani mna vijiko vya plastiki vilivyopakwa rangi ya dhahabu kwa ajili ya harusi. Hatusemi kuwa ni haramu, maana rangi si dhahabu. Bali twauliza: moyo unaotamani mfano wa kilichokatazwa, kwa saa moja kisha ukautupa jaani, unatafuta nini?

Wala hatusemi kuwa kitu kilichotoka nchi ya kigeni ni haramu kwa ugeni wake. Mtume (S.A.W.) alivaa joho la Sham na nguo za Yemen. Na wazee wetu wa mwambao walinunua vyombo vya Kichina tangu zamani. Nenda Kunduchi karibu na Dar es Salaam, au Mambrui kaskazini ya Malindi, utaona makaburi ya kale yaliyopambwa kwa mabakuli yaliyoletwa na majahazi, au alama za mahali yalipokuwa. Lakini tazama tofauti: wao walinunua bakuli lililodumu mpaka likapambwa juu ya kaburi la mwenyewe, sisi twanunua sahani isiyofika hata alasiri. Ubaya hauko katika umbali ilikotoka. Uko katika fedha kuvuka bahari kila Jumamosi ya harusi, na badala yake tukabakiwa na taka, ilhali mfinyanzi na msusi wa ukili wa mtaa wetu wamekaa bila ya kazi.

ZIMETENGENEZWA KWA KITU GANI?

Aina zilizoenea ni nne, na yafaa kila nyumba izijue.

Ya kwanza ni zile nyeupe nyepesi mfano wa povu. Hizo ni polistairini, na sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa. Zikipata joto la karibu nyuzi 100 huanza kulainika, kwa hivyo si mahali pa mchuzi unaochemka wala uji wa moto. Dawa inayotumika kuitengeneza polistairini huitwa stairini. Na mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka stairini katika daraja la vitu vinavyoelekea kuwapa wanadamu saratani. Ushahidi mkubwa wa jambo hilo ulitokana na wafanyakazi wa viwandani, si walaji. Lakini mwenye hadhari hamimini chai ya moto humo akampa mtoto.

Ya pili ni plastiki ngumu. Tazama chini yake, utaona pembetatu yenye tarakimu ndani. Namba 6 ni polistairini tuliyokwisha kuitaja. Namba 5 ni polipropilini, ambayo yastahimili moto zaidi, nayo yaweza kuoshwa ikatumika tena mara nyingi. Basi mwenye kununua namba 5 asiitupe.

Ya tatu ni karatasi. Wengi hudhani karatasi huoza yote. Sivyo, kikombe cha karatasi kingelivuja lau hakikupakwa ndani utando mwembamba, na aghlabu utando huo ni plastiki. Karatasi itaoza, na utando utabaki.

Ya nne ni zitokazo katika mimea yenyewe: majani, magome ya makuti, na makapi ya miwa yaliyoshindiliwa kwa mashine. Hizo zikitupwa shambani hurudi kuwa udongo, maadamu hazikupakwa kitu kingine.

Serikali nazo zimeliona jambo hili. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja. Kenya ilikataza mifuko tarehe 28 Agosti, 2017. Na tangu tarehe 5 Juni, 2020 haikuruhusu sahani, vikombe na vijiko vya plastiki vya kutupa kuingizwa katika hifadhi za wanyama, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Tanzania Bara ilikataza mifuko tarehe 1 Juni, 2019. India ilikataza sahani, vikombe na vijiko hivyo tarehe 1 Julai, 2022.

NAMNA YA KUVITAMBUA VYA KWETU

Ikiwa hapana budi kununua vya kutupa, basi tununue vilivyotengenezwa nchini, navyo vipo kwa mwenye kutafuta. Lakini muuzaji akikwambia "hivi ni vya hapa hapa," usitosheke na neno lake. Fanya hivi:

Kwanza, soma maandishi ya pakiti. Tafuta jina la mtengenezaji na mji wake, si jina la mwagizaji au msambazaji. Pakiti isiyo na jina la mtengenezaji iache.

Pili, tazama alama ya viwango. Kenya, bidhaa iliyotengenezwa nchini huwekewa alama ya S ya Shirika la Viwango, na iliyotoka nje huwekewa alama nyingine ya bidhaa za nje. Tanzania Bara ipo alama ya TBS, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Alama yathibitisha kiwango. Mahali ilipotengenezwa utapajua kwa kusoma.

Tatu, usidanganyike na mistari myeusi yenye tarakimu. Ni kweli kwamba 620 ni ya Tanzania na 616 ni ya Kenya. Lakini tarakimu hizo zaonyesha namba ilisajiliwa wapi, si bidhaa ilitengenezwa wapi.

Nne, uliza malighafi. Kiwanda chaweza kuleta karatasi tayari kutoka ng'ambo, na kazi ya kwetu ikawa ni kukata na kukunja tu. Hata hiyo ni riziki ya mtu wa hapa, lakini si sawa na kitu kilichoanzia katika ardhi yetu. Tanzania inayo misitu ya misonobari ya Sao Hill, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo, huko Mufindi, kilichoanza kazi mwaka 1985 na kinachofanya karatasi ya kaki. Kijana mwenye biashara ndogo ya vitafunio aweza kuanza na karatasi ya namna hiyo badala ya boksi la povu.

Tano, nenda kwa watengenezaji wenyewe. Tanzania lipo shirika la SIDO la kuhudumia viwanda vidogo, lililoundwa mwaka 1973. Na yapo maonyesho ya Sabasaba kila mwaka Dar es Salaam. Hapo utamkuta mtengenezaji na bidhaa yake mkononi, umuulize kila utakalo.

VYA KWETU TUNAVYOVISAHAU

Ajabu ni kwamba mambo ambayo wengine wameyafanya viwanda, sisi tunayo malighafi yake vichochoroni. Mpopoo unaujua kila mtu wa Unguja na Pemba. Twauthamini kwa popoo za tambuu peke yake. India ya kusini, gome la kuti la mpopoo likianguka lenyewe hukusanywa, likaoshwa, likatiwa katika mashine yenye moto ikalibana, likatoka sahani imara isiyohitaji dawa wala rangi. Mti haukukatwa, na kuti lililokuwa taka limekuwa riziki. Huko huko India wanawake hushona majani kwa vijiti vyembamba yakawa sahani. Na makapi ya miwa, ambayo viwanda vyetu vya sukari huyachoma kwa ajili ya mvuke, kwengine hufanywa sahani na mabakuli.

Hatusemi kila mtu afungue kiwanda. Lakini jani la mgomba, ambalo mama zetu hulifunikia wali, laweza kutandikwa juu ya sinia likapokea chakula, kisha akapewa mbuzi. Kifuu cha nazi hutoa upawa na kata. Ukili hutoa kawa ya kufunikia chakula, na kwa kawa hiyo umetekeleza sunna ya kufunika vyombo. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, bado wanafinyanga vyungu vinavyosifiwa.

Na sinia lenyewe, tumelitupa kwa sababu gani? Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliletewa wali wa samli katika chano kikubwa cha mti. Mtume (S.A.W.) alikuwa na bakuli kubwa likibebwa na watu wanne, na watu wakikaa kulizunguka. Amefundisha kula kwa mkono wa kulia, kila mtu mbele yake, kuanzia pembeni kwani baraka hushuka katikati, na kwamba chakula cha mmoja chatosha wawili. Watu watano juu ya sinia moja wamekuwa na chombo kimoja cha kuosha badala ya sahani tano za kutupa. Na 300 wetu wa hesabu ya kwanza watatoshwa na masinia 60.

WAKFU WA VYOMBO

Hapa ndipo tunapotaka kufikisha maneno yetu. Katika Juzuu ya Amma wanayoihifadhi watoto wetu wa madrasa mna Sura ya Al-Maun. Mwenyezi Mungu amewalaumu humo watu wenye kuzuia "maun". Na wengi katika wafasiri, tangu zama za Ibn Masud, wameeleza kuwa ni vyombo ambavyo majirani huazimana: chungu, ndoo, shoka na mfano wa hivyo. Angalia cheo cha jambo hili. Kuazimana sufuria kumetajwa katika Qurani, tena mahali pamoja na Sala na haki ya yatima! Mtoto anaisoma sura hiyo kila siku, na nyumbani anaona kabati limefungwa, na sahani za kutupa zimenunuliwa.

Huyo Ibn Battuta ametupa khabari nyingine. Alipokuwa Dameski mwaka 1326, alimwona mtumwa mdogo ameangusha sahani ya Kichina ikavunjika. Watu wakamkusanyikia, na mmoja wao akamwambia azikusanye vipande, ampeleke kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo. Akaenda naye, akapewa thamani ya kununua sahani nyingine, mtoto akasalimika na ghadhabu ya bwana wake. Waislamu wale waliweka wakfu hata kwa sahani iliyovunjika!

Basi nasi tushindwe kuweka wakfu wa masinia? Kila msikiti, au kila kikundi cha akina mama, kikusanye masinia 60, mabakuli, vikombe na mabirika. Anayetaka sadaka ya kuendelea kwa ajili ya mzee wake aliyefariki, atoe masinia kumi, yaandikwe kuwa ni wakfu. Awepo mtunzaji mmoja mwenye daftari: vimetoka vingapi, vimerudi vingapi, nani alivichukua. Mwenye harusi alipe kidogo kwa ajili ya ukarabati. Nyumba ya msiba isitozwe kitu. Tuseme sinia moja lina bei ya sahani mia za kutupa, na watu watano hulila pamoja; basi baada ya karamu ishirini limejilipa lenyewe, na lingali na miaka mingi mbele yake.

Litabaki suala la kuosha, nalo ndilo lililotuuza kwa sahani za kutupa. Jawabu lake ni mikono ya wanaume. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wake. Kijana gani wa madrasa ana cheo kuliko hicho hata aone haya kushika sinia? Waosheni hivi: beseni la kwanza maji na sabuni, la pili maji safi ya kusuuzia, la tatu maji ya moto sana au yaliyotiwa dawa ya klorini, kisha vianikwe juani juu ya chanja vikauke vyenyewe, visifutwe kwa kitambaa kimoja. Tusisahau kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti, 2015. Maji ya beseni moja kwa vyombo vya mtaa mzima si akiba, ni khatari. Na maradhi yakiingia mtaani, hapo rukhsa ya vyombo vya kutupa imekuja, na tumekwisha eleza namna ya kuchagua vya kwetu.

Enyi vijana, msingoje wazee waanze. Mwezi wa Shaabani haujafika, hesabuni vyombo vilivyomo majumbani mwenu, nendeni kwa imamu wenu na daftari tupu, muombe Ramadhani hii futari ya msikiti iliwe juu ya masinia. Mtakuwa mmeokoa fedha ya masikini, mmeusafisha mtaro wa jirani, mmempa fundi wa kwetu kazi, na mmeifanyia kazi sura mliyoihifadhi mkiwa wadogo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kutoa maun, wala si katika wenye kuizuia. Amin.